Mlango Nilioupima kwa Nje Tu

Gesima,
Jumapili, 8 Agosti 1971

Mama,

Patasi imenikata kidole, kwa hiyo mwandiko unayumba. Wewe usingeona tofauti. Hukusoma darasa lolote, na kila uliponikuta nikiandika daftari langu ulipita nyuma yangu ukiuliza leo nimemshtaki nani. Leo najishtaki mwenyewe, Mama. Halafu nina habari moja nzuri, ila haiji kabla ya zile mbaya.

Nimefungua daftari la mwaka 1968. Ijumaa, tarehe 21 Juni, niliandika hivi: "Mlango wa chumba cha Mama. Mpira wa tyubu pande tatu. Upepo umekwisha. Kishikio cha ndani: bado."

Bado. Neno hilo nimelisoma mara nyingi hadi ukurasa umelegea.

Unakumbuka baridi ya mwezi ule. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka upande wa Nyansiongo, unapita sebuleni, unaingia chini ya mlango wako na kukukuta na kile kikohozi chako. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nina cheti na sanduku la vyombo vya useremala, na hakuna kitu nilichokitaka kama kukuonyesha elimu yangu inafanya nini. Nikatengeneza mlango wa mbao za mkaratusi, mzito. Nikakata tyubu kuukuu ya lori kuwa kanda, nikazipigilia kwenye fremu mpaka mlango ukawa unaingia kwa kubanwa. Dirisha lako dogo nikaliziba kwa gunia na mbao mbili. Nikasimama sebuleni, nikaweka kiganja kwenye ufa, sikusikia hata pumzi ya upepo. Nikajisifu.

Lakini yote hayo niliyafanya nikiwa sebuleni. Fremu niliipigilia nikiwa upande huu, na dirisha nililiziba nikiwa nje. Nilikuwa mtu mzima aliyetahiriwa, na chinsoni, ile haya tunayowekeana mzazi na mtoto, ilinikataza kukanyaga mahali ulipolala. Sikuwahi kuuona mlango wako kwa ndani. Mlango ulifunguka kuingia chumbani, kwa hiyo wewe wa ndani ulitakiwa kuuvuta, na hapakuwa na cha kushika. Nilichonga kishikio kizuri cha mzeituni. Nikasema nitamwomba dada Kwamboka akija aingie akipigilie. Kwamboka alikuwa kwa mumewe Kenyenya. Kishikio kikakaa mfukoni mwa koti langu wiki tatu.

Wewe ukatafuta dawa yako. Ulikuwa ukiweka gunzi la hindi kwenye ufa ili mlango usifike mwisho. Ukaniambia, "Mlango wako una meno kama mbwa wa mzungu. Nimeupa gunzi uling'ate." Nilicheka. Fundi mzima, nikacheka.

Ijumaa, tarehe 12 Julai. Ilikuwa siku ya maandalizi, na hukutaka kazi hata moja ivuke jua kuingia Sabato. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, maua ya pareto yalikuwa mabichi kwenye trei, ukaamua kuyakausha sebuleni juu ya makaa. Uliongeza makaa kuliko siku zote. Moshi ukaanza kukukaba, ukaingia chumbani kujilaza, na kwa kuukimbia moshi huo ukaliondoa gunzi na kuufunga mlango mpaka mwisho. Hili sikuambiwa na mtu. Nililikuta gunzi baadaye kando ya kitanda chako, zima, halijaungua.

Nilikuwa kwa Baba mdogo Ombati, ng'ambo ya kijito, napiga randa ubao. Nikaona moshi ukitoka kwenye nyasi za paa letu, na haukuwa moshi wa kupika. Tulikimbia wote wawili. Nilipoingia sebuleni trei zilikuwa zinawaka na moto umeshika fito za juu. Na nikakusikia. Ulikuwa ukiukwaruza mlango kwa kucha, kwenye ukingo, mahali ambapo kishikio kingekuwa.

Mama, nilisimama.

Ningeusukuma kwa bega mara moja ungefunguka, kwa sababu ulikuwa bado umesimama kwa miguu yako. Lakini mguu wangu ulifika pale kwenye kizingiti ukakataa, kama ulivyokataa tangu nilipotahiriwa. Nyuma yangu Baba mdogo akanishika mkanda wa suruali, akapaza sauti kuelekea shambani: "Waitwe wanawake! Kuna mtu ndani, waitwe wanawake!" Wanawake walikuwa kwenye pareto, mteremko mzima mbali nasi. Nami nikangoja. Nimejaribu kukumbuka ni pumzi ngapi. Katika daftari niliandika kumi, nikafuta, nikaandika nane, nikafuta tena.

Kisha kucha zikanyamaza.

Hapo ndipo niliposukuma. Mlango ukaenda upana wa vidole viwili ukasimama. Nikasukuma tena kwa nguvu zote, na kitu kizito kikarudisha. Kilikuwa mwili wako. Ulikuwa umeangukia mlango, nami nilikuwa nakuponda kwa mlango wangu mwenyewe.

Shoka la kuni lilikuwa kwenye kona. Baba mdogo alikuwa bado ameng'ang'ania mkanda wangu, anasema paa linashuka, anasema wanawake wanakuja. Niligeuka nikampiga mdomoni kwa mpini. Nilisikia meno yakivunjika, nikampiga tena ingawa alikuwa ameshaniachia. Hilo la pili, Mama, halikuwa la kukuokoa. Lilikuwa hasira tu, na lilinifurahisha.

Niliukata mlango sehemu ya juu ili shoka lisikufikie. Mkaratusi ulikuwa mgumu kama nilivyoutaka. Ule mpira ulikuwa unayeyuka, unadondoka matone yanayowaka, na moshi wake ulikuwa mweusi na mzito kama lami. Makovu ya matone hayo ninayo mkono wa kulia. Nikapita kwenye tundu, nikaangukia sakafu ya chumba chako, mara yangu ya kwanza kuikanyaga tangu nikiwa mdogo. Nikakuvuta kando, nikaufungua mlango, nikakutoa.

Uwanjani ulifumbua macho. Ulinitazama mimi, si watu wengine. Ukasema, "Nimevuta, mwanangu. Nimevuta." Hukusema tena.

Sasa nikupe habari za baadaye, kwa mpangilio, kama ulivyopenda.

Siku ya kukuzika, wana wa Baba mdogo walikuja na panga. Baba yao alikuwa amekaa chini ya ukuta, uso umevimba, kitambaa mdomoni. Mkubwa wao akasema kwamba mtu aliyemuua mama yake kwa mbao sasa anataka kummaliza na baba wa wenzake. Nilimrukia kaburi likiwa bado wazi. Tulipigana kwenye udongo wako mbichi mpaka mchungaji akatutenganisha kwa fimbo. Nina alama ya panga begani, na yeye ana alama yangu kichwani.

Wiki iliyofuata nilichukua shoka lile lile. Palikuwa na nyumba nne nilizokuwa nimezifungia mipira kama yako, kwa sababu majirani walikuwa wameusifu mlango wako. Nilikwenda moja baada ya nyingine, mchana kweupe, nikaikata milango yote minne. Sikumweleza mtu. Wanawake walikimbia na watoto wakidhani nimerukwa na akili, na katika nyumba ya nne mzee mmoja alinichapa mgongoni kwa jembe nami nikaendelea kukata. Askari wa chifu walinifunga siku mbili. Nilipotoka niliitengeneza milango hiyo upya bila malipo, bila mpira, nikaapa sitatengeneza mlango tena.

Miaka mitatu nikatengeneza viti, meza na majeneza. Mtu akitaja mlango namwelekeza kwa fundi mwingine. Jioni nikawa nafanya majaribio yangu, nayaandika. Niliweka ukanda wa mpira na ukanda wa blanketi la sufu motoni pamoja. Mpira uliendelea kuwaka hata nilipoutoa, ukadondosha moto chini. Sufu ilinuka kama nywele, ikafuka, na nilipoiondoa motoni ikazima yenyewe. Niliandika hilo, nikafunga daftari. Lilinisaidia nini wakati huo?

Halafu Jumatano iliyopita Kwamboka alikuja na habari za Mama mdogo Bosibori, mke wa Baba mdogo. Kifua kinambana kama kilivyokubana. Baba mdogo, aliyeuona mlango wako akausifu pamoja na wengine, amepigilia magunia kuzunguka mlango wa chumba chao na kuziba dirisha. Na pareto yao inakaushwa sebuleni. Kwamboka alipomwuliza Mama mdogo anatokaje kwenye mlango huo, alimjibu kwamba anagonga, mtu anakuja kumsukumia.

Sikula, Mama. Alhamisi asubuhi nilichukua sanduku langu nikavuka kijito, mara ya kwanza tangu siku ile.

Baba mdogo alikuwa langoni anakata majani ya ng'ombe. Ameota mvi. Aliliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akasema kwa mdomo wake uliobonyea: "Umekuja kumalizia yaliyobaki?"

Nikamwambia nimekuja kuuona mlango.

Alinipiga kwa ubapa wa panga, begani, pale pale penye kovu. Nikabaki nimesimama. Akanipiga tena, na mara ya tatu nikapiga goti, ila mkono wangu haukuliachia sanduku. Nilijua akinyanyua tena huenda akageuza makali, na nilijua pia kwamba nikimshika mkono tutauana pale. Kisha Mama mdogo akakohoa ndani ya nyumba. Kikohozi kirefu, kile chako. Baba mdogo akasimama na panga lake hewani akikisikiliza mpaka kikaisha.

Nilimwambia magoti yakiwa bado chini kwamba nikiutengeneza mlango huo nikiwa sebuleni tu nitakuwa nimerudia kosa lile lile. Kwamba sharti niuone kwa ndani. Nilijua ninachomwomba. Chumba cha mke wake ni kama chumba chako kwangu.

Aliingia ndani. Nikasikia vitu vikiburutwa, nikadhani anaweka kizuizi. Alitoka amemshika Mama mdogo mkono, akamkalisha kwenye jua. Akarudi, akatoka na godoro kichwani. Akarudi tena, akatoka na kitanda, kipande kwa kipande, mzee wa umri ule, mbele ya wanawe na majirani waliokuwa wamejaa kwenye ua, akakiweka wazi uwanjani kila mtu akione. Mwisho akatoa masanduku na nguo zilizokuwa ukutani. Alipomaliza alikuwa anahema.

Akasema, "Sasa si chumba cha mtu. Ni udongo na mbao. Ingia."

Nikaingia. Nilifanya kazi mpaka jioni, na Ijumaa tena mpaka saa nane. Magunia niliyang'oa yote. Mlango nikaugeuza ufunguke kuelekea sebuleni, ili mtu akianguka nyuma yake asiuzibe kwa mwili wake. Kwenye fremu nimeweka ubao mwembamba ambao mlango unaufuata na kuuegemea, na juu ya ubao huo ukanda wa sufu uliokunjwa mara mbili. Mlango unaigusa sufu, haukabwi nayo. Chini nimewashonea mfuko mrefu wa turubai uliojaa mchanga, unaosukumwa kwa mguu. Komeo ni la mti, linasogea kwa kidole, halina ufunguo. Dirisha sasa lina ubao unaofunguka kwenda nje. Na Baba mdogo mwenyewe alizibeba trei za pareto, akaanza kuchimba nguzo za kibanda cha kukaushia, mbali na nyumba, bila mimi kusema neno.

Kikabaki kitu kimoja. Kishikio chako kilikuwa bado kwenye koti langu, Mama. Koti ni lile lile, nimelishona mara mbili. Kwa mlango unaofunguka kwenda nje, mtu wa ndani hahitaji kishikio ili atoke. Anakihitaji ili aufunge, avutie joto kwake. Nilikipigilia upande wa ndani, kwa kimo chako. Hapo ndipo patasi iliponikata, nilipokuwa nachonga nafasi yake, kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Kisha nikakishika nikavuta. Mlango ukaja ukafunga, nami nikawa ndani.

Nilisimama mahali kama pale nilipokuacha peke yako. Hapakuwa na sauti ya upepo. Niliuona mlango kwa upande uliouona wewe: mbao tupu, karibu sana na uso. Nikapapasa ukingo kwa kucha, mahali pale. Sijui nilikaa muda gani. Baba mdogo akauliza kutoka sebuleni, sauti ya chini, "Kuna upepo?"

Nikajibu hakuna.

Akasema, "Basi toka, mwanangu. Nisikungoje."

Niliusukuma kwa kidole kimoja. Kile kilichokatwa. Ukafunguka, na yeye alikuwa amesimama mbali kidogo na njia yake, mikono nyuma. Wala hatukushikana mikono. Aliniangalia kidole akaniambia nikifunge, nadondosha damu kwenye sakafu ya watu.

Jana Sabato nilikaa benchi moja naye. Hakuimba vizuri, meno hayapo. Nilisikiliza kila neno.

Lala, Mama. Hapo ulipo upepo haukufikii, na mlango wa huko sikuutengeneza mimi. Nakuahidi hili, na naliandika kwa tarehe ili nisiligeuze: kuanzia leo hakuna mlango utakaotoka mikononi mwangu kabla sijasimama upande wa ndani, umefungwa, nikaufungua kwa kidole kimoja. Iwe chumba cha mama wa nani. Watakaoona haya na watoe kitanda kwanza.

Mwanao,
Nyambane