Baba, Panya Wamerudi Kikwe

Baba yangu,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ningeanzaje kukuandikia bila hiyo?

Elirehema, mdogo wangu uliyemwachia shamba, alinipigia simu wiki iliyopita. "Kaka, panya wamerudi. Pitia madukani Kwa Mrombo uniletee sumu." Nilikuona papo hapo: umechuchumaa nyuma ya jiko, kitambaa puani, unachanganya sumu na pumba na dagaa huku ukitufukuza.

Mwaka ule mvua ilipitiliza, nyasi zikajaa mbegu, panya wakala na kuzaana. Sumu yako ilifanya kazi. Asubuhi tuliwazoa kwa koleo, matumbo yamevimba, damu puani. Ulicheka: "Leo wamekutana na mwanaume." Jioni paka wetu alikufa mlangoni pa jiko, akijirusha na kutapika damu. Kisha bundi wawili wakaanguka chini ya mti wa mgrivea. Wote walikuwa wamekula panya wenye sumu. Mama alishukuru, maana kwake bundi alikuwa mkosi tu. Uliwachoma pamoja na panya.

Mahindi yalipoanza kubeba, panya walikuwa wengi kuliko mwanzo. Kazi yangu ya gazetini imenikutanisha na wataalamu wengi wa wanyama, na wote huniambia jambo moja: kila mnyama angeijaza dunia kama asingezuiwa. Humzuia njaa, ugonjwa, kukosa nafasi na meno ya mwingine. Mimba ya panya haimalizi mwezi, na wanawe wakiwa bado wananyonya huwa ameshabeba nyingine. Bundi hana mbio hizo. Ulipowaua panya, paka na bundi kwa pamoja, panya wachache waliobaki walirudi upesi, na hawakukuta wa kuwala.

Walipanda mabua. Walimng'ata dada yetu Ndeshi kidole cha mguu akiwa amelala. Shamba lilipokwisha wakahamia ghalani, na ghala lilipobaki magunzi wakaanza kulana. Siku uliyofungua mlango walikuwa wanamtafuna mwenzao angali analia. Uliingia na mchi, ukapiga mpaka ukuta ukawa mwekundu. Tuliishi kwa ndizi mpaka msimu mwingine, na Ndeshi alikonda hadi akashindwa kutembea kwenda shule.

Kwa hiyo nilikwenda kijijini Kikwe bila sumu.

"Umeleta nini sasa, kaka? Magazeti?" Elirehema aliniuliza.

Mkewe, mama Neema, akadakia: "Wasomee basi, shemeji. Labda wataona aibu waondoke."

Niliwaonyesha paka wao aliyezaa uvunguni, na bundi waliorudi kwenye mgrivea. Wakaelewa kuwa sumu ingewaua hao pia, wakachukua majembe. Tulifukua mashimo ya panya kando ya mfereji. Waliotoka, mbwa wao aliwadaka na kuwavunja shingo kwa kutikisa kichwa. Waliomponyoka tuliwaponda kwa fimbo. Kwenye viota mlikuwa na vichanga vyekundu, macho hayajafunguka. Mama Neema alivimwagia maji yanayochemka. Vililia kidogo. Nilirudi na viatu vilivyolowa damu.

Tulifyeka nyasi za mpakani, tukazungushia miguu ya ghala mabati ili wasipande. Bado wapo, Baba. Hawatakwisha. Ninachotaka ni wanaoliwa wawe wengi kama wanaozaliwa.

"Na wakiyamaliza haya mahindi?" Elirehema aliniuliza, fimbo bado mkononi. "Mimi nina watoto wanne."

"Watakula kwangu mjini mpaka uvune tena."

"Hayo ni maneno ya kaka au ya gazeti?"

"Ya kaka."

Alinitazama, akatupa fimbo kwenye migomba.

Mahindi sasa yameanza kubeba. Kila asubuhi nampigia simu, naye huniambia mistari mingapi imegugunwa kabla hata ya salamu. Jana nilinunua magodoro mawili ya wanawe, nikayaegemeza ukutani sebuleni. Sijayatoa nailoni. Naomba nisiyatoe.

Pumzika, Baba.

Mwanao wa kwanza