Yule Mtu Tusiyemjua, wa Mgogoni

Assalamu alaykum mwanangu Rahma,

Salamu zangu zikufikie huko Mwanza ukiwa mzima. Sisi hapa Wete wazima, tunamshukuru Mungu. Baba yako anakusalimu sana, mguu umepungua kuuma, siku hizi anakwenda msikitini bila ya mkongojo. Bibi yako anakusalimu, kila siku anauliza kama huko mnapata samaki. Namwambia lipo ziwa zima. Anasema samaki asiyekulia kwenye chumvi si samaki. Kaka yako Hamad anakusalimu, na mkewe Time, na mtoto wao, ambaye ameota meno mawili na kidole changu ameshakitafuna. Jirani yetu Bi Saada anakusalimu, anasema umemsahau. Na mie mama yako nakusalimu peke yangu, salamu isiyochanganywa na ya mtu.

Ama baada ya salamu, usiucheke mwandiko. Simu nimeona hainifai. Ukisema "Mama" tu nalia, na wewe unalia, vocha inakwisha hatujasema kitu. Barua hii leo siku ya tatu naiandika, na atakuja nayo rafiki yako Sabra, anasafiri Ijumaa.

Uliniambia huko unakojifunza kazi ya picha watu wanakukimbia. Ukiinua kamera wanageuza uso. Humjui mtu, mtu hakujui, na mwezi ukiisha unataka kurudi nyumbani moja kwa moja. Baba yako kusikia vile alifurahi, akaenda kununua balbu ya chumbani kwako. Na mie, sikufichi, nilifurahi, nikachukua ufagio. Nikiwa nafagia chini ya kitanda chako nikaivuta ile picha ya Mgogoni, imejaa vumbi. Nikakaa kitako nayo pale pale chini, ufagio mkononi.

Unaikumbuka siku ile? Klabu yenu ya picha ilifanya mashindano ya kusaka picha kwa gari. Magari manne, kila gari karatasi moja ya vitu kumi vya kwenda kuvipiga picha huko mashamba, na kabla ya alasiri muwe mmerudi Wete. Nyie mlikuwa watatu, wewe na Sabra, na Seif ndiye dereva. Nikasema nami nakuja, nataka kupunga upepo. Uongo, mwanangu. Nilikuwa naogopa. Naogopa zile kona za njiani, naogopa mwendo wa vijana. Kumbe maskini Seif aliniona nimekaa mbele na chupa yangu ya chai na maandazi, akaendesha kama aliyepakia mayai. Hata baiskeli ilitupita.

Vitu tisa tulivipata mapema, na vingine nilivijua mie. Mlango wa kufuli ya mbao, nani alikupeleka? Kilichotushinda ni cha kumi: mtu usiyemjua, anayecheka, kwa ridhaa yake. Kila tuliyemsimamisha mie nilimuuliza, "Mtoto wa nani wewe?" Nifanyeje, ndivyo nilivyolelewa, mtu humpiti kama jiwe. Basi huyu mama yake kasoma chuo cha Kurani na dada yangu, huyu babu yake kamzika babu yetu. Ukawa unateremsha kamera. "Mama, ushamjua tena huyo! Hafai!"

Ukasema twende Wesha, bandarini hakukosi wageni. Tukaenda mpaka Wesha. Yule mpakuzi wa mizigo akasema yeye mtu wa Tanga, ukanitazama kwa furaha, umeshainua kamera. Mdomo ukaniponyoka. "Tanga kwa nani?" Kumbe mke wake ni binamu wa jirani yetu Bi Saada! Seif alilaza kichwa kwenye usukani akacheka mpaka machozi. Wewe hukucheka.

Tulipofika Mgogoni ukamwona yule mama anageuza karafuu juani, majamvi mawili. Ukanambia, "Mama, nakuomba kwa Mungu, kaa garini. Usishuke, usiseme." Nikafunga na kioo. Nikakuona umesimama mbali, umeinua kamera kama mtu anayelenga ndege. Yule mama akajifunika uso kwa kanga. Sauti yake niliisikia hata kioo kimefungwa. "Salamu huna, wewe mtoto? Umefika kwangu au kwenye gofu lisilo na mtu?"

Rahma, mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Wallahi nilitaka kushuka nikusemee. Sikushuka, kwa kuwa uliniomba, na kukaa vile kuliniuma kuliko uchungu wa kukuzaa.

Ukaitupa kamera mgongoni. Ukavua viatu, ukachutama pembeni ya jamvi, ukamwamkia. Ukaanza kugeuza karafuu naye, na makonyo, vile vijiti vya karafuu, ukiyaona unayatoa, bila ya kuulizwa. Mkakaa hivyo muda mrefu, Sabra anatazama saa. Halafu nikamwona yule mama anakuuliza kitu, na wewe unanionyesha mie kwa kidole. Baadaye ndipo uliponieleza. Alikuuliza, "Mtoto wa nani wewe?" Ukamjibu, "Wa yule niliyemfungia garini, maana akishuka tu mtakuwa ndugu." Pale ndipo alipocheka, kanga imemwanguka begani, jino la mbele hana. Akasema, "Nipige basi, kabla hajashuka!"

Tulifika Wete alasiri imeshasaliwa, gari ya mwisho. Mashindano tulishindwa, na kwa miaka yote hii nilijiona ni mie niliyekushindisha. Sasa naitazama picha hii na sijioni hivyo tena. Yule mama hakunichekea mie. Alikuwa hanijui, na mpaka leo sijui ukoo wake, ndiye mtu mmoja Pemba nzima niliyemwacha hivyo. Alikuchekea wewe, na wewe ulikuwa peke yako.

Sasa nisikilize. Chumba nimekifagia, balbu inawaka. Ukirudi kwa kuwa umechoka, rudi hata kesho, nitakuja kukupokea. Lakini ukirudi kwa kuwa watu hawakujui, mwanangu, hapo mie sikubali, na baba yako nimeshamwambia. Uliniambia huko wanaanika dagaa juani kama sisi tunavyoanika karafuu. Basi kamera itupe mgongoni, vua viatu, toa salamu, geuza dagaa. Mikono unayo. Mie kitasa nimekiachia.

Usinipigie, tutalia. Mara tu Sabra akikupa barua hii, nitumie kwa simu ya Hamad picha ya mtu wa huko anayecheka, na chini yake uniandikie ni mtoto wa nani. Fanya haraka, usingizi sipati vizuri. Nikiiona hiyo picha nitajua umekaa.

Mimi mama yako,
uliyenifungia garini.