Kwa Fundi wa Nyuma ya Ukuta

Mume wangu, Fundi wangu,

Jana jirani yetu Mama Salma alikuita kwa sauti ya juu, kana kwamba hatujakuzika. Nimelala na jambo hilo, nimeamka nalo, na hadi sasa nimeduwaa. Nitakueleza lilivyokwenda, ila niache nianze mbali, maana tangu uondoke sina wa kumsimulia kwa nafasi. Barua hii nimeamua iwe wazi. Aisome anayetaka, mama yako akiwemo.

Unakumbuka tulivyokutana? Watu wakiuliza ulikuwa unacheka tu, unaniachia mimi niseme. Nilikuwa katibu muhtasi Lindi mjini, kwenye ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka, nikaja Kivinje kwa msiba wa babu. Bibi akakaa eda. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, mimi nikabaki naye kidogo, na ndipo bomba la uani likapasuka. Sisemi kuvuja, nasema kupasuka. Maji yalirukia hadi kwenye makuti ya jiko. Wewe ukaja mbio na mkoba wako, ukakuta mlango umefungwa na Bibi kaketi nyuma yake.

"Mwanamume hapiti mlango huu mpaka eda yangu iishe," akasema.

Majirani wakamwambia ajifungie tu chumbani, fundi apite, atengeneze, atoke. Hataki. Wakamwambia hata dini haijamkaza kiasi hicho. "Basi aliyesema hivyo aje alizibe yeye," akajibu, na hakusogea.

Ukazunguka nyuma ya nyumba, ukasimama nje ya ukuta wa uani. Nikasikia sauti nzito, tulivu, inauliza, "Huko ndani yuko nani mwenye nguvu?" Nilikuwa mimi, na kucha zangu nilizopaka rangi Lindi. Ukaniambia nitafute koki kubwa karibu na mita. Nikaiona, imeshika kutu. Ukasema zungusha kulia. Haikuzunguka. Ukasema, "Kaa mbali, narusha spana." Ukairusha, ikatua katikati ya ungo wa dagaa wa Bibi. Bibi alikulaani wewe na ukoo wako wote, nawe ukamjibu kwa heshima kabisa, "Shikamoo, Bibi." Ikabidi aitike marahaba huku anaokota dagaa.

Nilipoishika ile spana nikaizungusha kushoto badala ya kulia. Maji yakanipiga usoni, nikapiga yowe ambalo nadhani lilifika Masoko. Nje ya ukuta ukasema bila haraka, "Hayo ni maji tu, dada, hayang'ati. Endelea." Sijui kwa nini, lakini nikaendelea. Ukanirushia msumeno, kipande cha bomba, soketi mbili za kuungia na ile tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja, ukinieleza kimoja baada ya kingine, nami nakujibu ninachokiona. Ulikuwa unaona kwa macho yangu. Tulipomaliza nikafungua koki na uani pakawa kimya. Nilisimama nimelowa chapachapa, natazama mikono yangu, nikashangaa kwamba ni yangu.

Mshangao huo ndio ulioniharibia ofisi. Nilirudi Lindi, nikaketi kwenye kiti changu, na nikawa sisikii kingine ila bomba la chooni linalodondosha tone tone. Kumbe lilikuwa likidondosha tangu siku naajiriwa, sikuwahi kulisikia. Siku moja mkubwa wangu alinikuta nimechutama mbele ya sinki na viatu vyangu vya kisigino vimewekwa kando, nabadilisha mpira wa ndani ya koki. Alisimama pale mlangoni mdomo wazi. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata kwenye kuchapa barua hata mara moja. Mwisho wa mwezi niliaga.

Nikapanda basi hadi Masoko, nilikoambiwa ulitokea siku ile, kukutafuta, bila jina, bila sura, na sauti yako tu kichwani. Nikaulizia fundi bomba, nikaelekezwa kwenye kibanda, nikamkuta mtu mfupi, mwembamba, anakula muhogo. Nikakuuliza fundi yuko wapi. Ukasema, "Ni mimi, dada, karibu." Nusura nikae chini. Sauti ile, nilishajenga jitu la miraba minne! Na wewe ukaitambua sauti yangu, ukasema, "Ala! Ndiye wewe wa yowe?" Ulidhani nimeleta kazi. Nilipokwambia nataka unifundishe, muhogo ulikukaa kooni, tukatafuta maji.

Bibi aliposikia alishika kichwa. "Yaani umeacha kiti cha kuzunguka ukainame vyooni mwa watu?" Nikamkumbusha nani alikaa mlangoni siku ile. Akasema basi angalau nisiende na wewe bila ndoa. Ndivyo tulivyooana, mume wangu, na mtaa mzima ukacheka. Mama Salma alikuwa wa kwanza. Alisema atakuja kutuchungulia aone nani anapika na nani anabeba spana.

Lakini simu zikaanza. Mjane yuko eda, maji yamejaa kibarazani. Mama kajifungua juzi, bafu limeziba, mume hayupo. Wewe ulikuwa unapokea, unasikiliza, unanikabidhi simu: "Hii ni yako." Mimi naingia, wewe unasimama nje ya ukuta. Baadaye ukawa husimami tena. Unaketi barazani na wanaume, unakunywa kahawa, unaniacha. Nilikuuliza siku moja kwa nini huniongozi tena. Ukasema, "Hujaniuliza kitu tangu Ramadhani." Sikuwa nimegundua.

Sasa nifike pabaya. Asubuhi ile uliondoka kwenda Nyangamara kuunganisha tangi, ukiwa mzima, ukigomba kwamba nimeficha tepu yako. Mchana wakaniletea habari. Walisema umeketi kwenye kibanda cha chai, kikombe mkononi, ukaegemea ukuta wakadhani umesinzia. Niliwauliza mara nyingi kama wana hakika. Tepu ilikuwa ndani ya mfuko wa suruali yako, mume wangu. Nilicheka mbele ya watu, nikacheka hadi wakanishika.

Nimekaa eda humu ndani na mama yako. Ananipikia uji, analia usiku akidhani nimelala. Sina ubaya naye hata kidogo. Lakini juzi alikusanya vifaa vyako vyote, akavitia kwenye mkoba, akaufunga kwa kamba. Akaniambia kwa upole kwamba ufundi ulikuwa wa mwanawe, mimi nilikuwa nikimsaidia, kwa hiyo mkoba utakwenda kwa mdogo wako, na eda ikiisha nikaombe tena kiti changu Lindi. "Wewe ni msomi, mwanangu. Usizeeke umeinama." Kibaya ni kwamba nilianza kumwamini. Nilijiuliza: wewe haupo, mimi ni fundi wa nini? Nani aliwahi kuniita hivyo? Katika mtaa huu aliyeitwa Fundi ni mmoja tu, hata mimi nilikuita hivyo chumbani.

Basi jana baada ya adhuhuri tumeketi uani, mama yako anachambua mchele, mkoba upo pembeni yake. Ghafla upande wa pili wa ukuta kukasikika mlio, kisha maji, kisha Mama Salma.

"Fundi! Fundi wee! Njoo, nakufa na maji!"

Mchele ulimwagika. Mama yako alishika kifua. Mimi, kwa muda mfupi sana, Mungu anisamehe, nilikusubiri uitike. Kisha Mama Salma akakumbuka. Tukamsikia analia, "Jamani, nisameheni. Nisameheni, nimezoea."

Na maji yaliendelea kumwagika. Niliyasikia kabisa, Fundi, nikajua si bomba dogo, ni lile linalotoka kwenye mita, na kwamba yataingia chumbani kwake kabla hajamaliza kuomba radhi. Nikasimama.

"Niko hapa," nikasema. "Koki kubwa iko wapi?"

Akajibu kwa sauti ndogo: "Ipo mlangoni, lakini imegoma."

"Zungusha kulia."

"Imegoma, Fundi!"

Safari hii hakuomba radhi, wala hakuwa anakuita wewe.

Niligeuka kutafuta spana, nikamkuta mama yako yuko nyuma yangu. Kamba ameshaikata kwa kisu cha jikoni, mkoba uko wazi mikononi mwake, ananitazama kama mtu aliyeona kitu barabarani asikijue. "Ipi?" akaniuliza. Nikamwonyesha. Hakunipa. Aliichukua mwenyewe, akapanda juu ya ndoo, akampitishia Mama Salma juu ya ukuta kwa mikono yake miwili.

Mama Salma alizungusha kushoto, kama kila mtu. Tulisikia yowe. Na mimi nikafungua mdomo, nikasikia yakitoka maneno yako, na utulivu wako wote: "Hayo ni maji tu, hayang'ati. Endelea." Mama yako alikaa chini palepale, juu ya mchele, akafunika uso kwa kanga. Baadaye maji yakakatika. Tukasikia Mama Salma anahema, kisha anacheka peke yake.

Spana iliporudi, mama yako aliifuta kwa upindo wa kanga yake, taratibu, hadi kwenye meno. Nilingoja airudishe mkobani aufunge tena. Badala yake alitoa kitu kingine, akakigeuzageuza.

"Na hii ya kazi gani?"

Nikamwambia. Akatoa kingine. Tuliendelea hivyo hadi adhana ya alasiri, na alipokwenda kutawadha aliuacha mkoba magotini pangu.

Bado siamini kama umekufa. Bado nikisikia pikipiki nageuza shingo. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na alinurishe kaburi lako. Eda yangu ikiisha, nitatoka mlangoni na ule mkoba, na tepu yako itakuwa mfukoni mwangu. Sitakuona tena hapa duniani, lakini hata siku ile Kivinje sikukuona, na kazi ilikwisha vizuri.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
fundi wa upande wa ndani