Vitu vya Yoramu Nilivyovinadi Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kujaribu kujiua
Jina la shahidi: Penina Ndahani Chilewa
Umri: Miaka 52
Kabila na dini: Mgogo, Mkristo wa Anglikana
Kazi: Mkulima wa zabibu; pia mnadi wa sadaka kanisani
Makazi: Hombolo, Dodoma
Tarehe: 21/05/2025. Yameanza kuandikwa saa 3:10 asubuhi
Mwandikaji: Koplo Ambokile, kituo kidogo cha polisi

Mimi ndiye Penina niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Ninasema kwa hiari yangu. Namwomba afande aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno. Mdomo wangu unajulikana Hombolo nzima.

Namfahamu Yoramu Masinga, mwenye miaka 34, tangu anabebwa mgongoni. Shamba lake la zabibu na langu yanatenganishwa na mstari mmoja wa minyaa. Mkewe Debora yuko Mpwapwa tangu mwezi wa pili, anamuuguza mama yake. Yoramu hanywi wala hana ugomvi na mtu. Lakini tangu mvua za mwisho alikonda, na kila nilipoamka nilimkuta ameshakaa nje, hafanyi kitu. Nilimuuliza kulikoni, akasema, "Mama, silali. Nimechoka." Nikamjibu, "Nani hajachoka, baba? Kalime uchoke vizuri." Hayo ni maneno yangu. Nayataja mwenyewe kabla hajayataja mwingine.

Kanisani kwetu mtu anaweza kutoa sadaka ya kitu, kuku, maboga au chochote alicho nacho. Baada ya ibada vitu hivyo tunavinadi nje, penye kivuli cha ukuta. Mnadi ni mimi, mwaka wa tisa huu. Kazi yangu ni kuwachekesha watu mpaka waone aibu kutoongeza.

Mnamo tarehe 04/05/2025, siku ya Jumapili, saa 5 asubuhi, Yoramu alileta mizinga yake miwili ya nyuki. Nilipaza sauti nikasema, "Jamani, Yoramu anahamia mjini nini? Nyuki hawa wanauzwa pamoja na hasira zao!" Watu walicheka sana. Yoramu naye alicheka.

Mnamo tarehe 11/05/2025, Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama mbele akasema anaomba msamaha kwa kila mtu aliyemkosea. Afande si mtu wa kwetu, kwa hiyo naeleza. Sisi ni watu wa uamsho. Mtu akitubu hadharani tunaimba, tunamkumbatia, kinamama wanapiga vigelegele. Yoramu alipita kwa mtu mmoja mmoja, safu kwa safu. Mzee Nikodemo, mwenyekiti wetu wa kitongoji, aliombwa msamaha kwa ajili ya mbuzi wa Yoramu aliyeingia shambani kwa mzee mwaka 2016. Mbuzi wa 2016, afande! Nani anamkumbuka? Mimi alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama, kama kuna neno, tulimalize leo." Nikasema hakuna neno, Bwana asifiwe. Nilipiga vigelegele kuliko wote. Siku hiyo alitoa baiskeli na koti lake zito, na baridi ya kwetu ndiyo kwanza inaanza. Nikavinadi vyote.

Mnamo tarehe 18/05/2025 alileta mkasi wake wa kupogolea. Hapa naomba afande aandike polepole. Wiki hii sisi ndiyo tunapogoa mizabibu. Usipopogoa sasa, huvuni. Mkulima wa zabibu haazimishi mkasi wake hata kwa ndugu yake wa tumbo moja, sembuse kuutoa katikati ya msimu. Mimi nalima zabibu miaka ishirini na sita, hilo nalijua nikiwa usingizini. Niliushika mkononi. Ulikuwa umenolewa na kupakwa mafuta. Nikauinua juu nikasema, "Mkasi wa mtu aliyeokoka huu, unakata hata dhambi! Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Aliuchukua Daudi, fundi wa mapipa ya mvinyo. Wakati napiga makofi nilimwona Yoramu ameutazama mkasi ukiondoka, uso umetulia kabisa, kama mtu aliyemaliza kufua nguo za siku nyingi. Nilijua kuna kitu. Nikaendelea na maboga.

Mnamo tarehe 19/05/2025, Jumatatu, saa 1 asubuhi, nilikuwa napogoa karibu na minyaa. Yoramu alikuwa amekaa upande wake, mizabibu yake haijaguswa. Aliniamkia, "Shikamoo mama." Nikaitika, nikamuuliza, "Wewe hupogoi? Unasubiri malaika?" Akajibu, "Utanipogolea wewe, mama. Mistari yangu unaijua." Nikamwambia mimi si mtumwa wake, nikacheka, nikaenda zangu. Kufika mstari wa tatu, kicheko kilinikauka. Hakusema nimsaidie. Alisema kama mtu ambaye hatakuwepo. Nilipogeuka alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango. Nilitaka kwenda kumgongea, nikaona haya. Ningemwambia nini? Neno lile lilikaa nami kutwa nzima, na usiku sikulala.

Mnamo tarehe 20/05/2025, saa 12:40 asubuhi, nilikwenda kwa Priska, mhudumu wa afya ya jamii wa kitongoji chetu. Mwezi wa tatu Priska alituita shuleni kutufundisha habari za ugonjwa wa akili na watu wanaotaka kujiua. Mimi nilikaa nyuma nikifanya mzaha, nikasema hayo ni maradhi ya wenye muda. Asubuhi hiyo hakunikumbusha. Aliniuliza tu, "Ametoa nini? Ameaga nani?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole: mizinga, baiskeli, koti, msamaha, mkasi. Sikumaliza. Alishavaa kandambili.

Njiani aliniambia, "Tukimkuta, muulize waziwazi kama anataka kufa. Usizunguke." Nikasema, "Mwanangu, si nitamtia wazo?" Akasema, "Wazo analo, mama. Hana pa kulitua."

Saa 1:15 tulifika kwake. Nikapiga hodi, nikaita mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, kimya. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka njiani, hata jani moja hakuna. Kuku walikuwa wamewekewa maji kwenye masufuria matatu, maji ya kutosha siku nyingi. Simu yake ilikuwa mezani, imezimwa, juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Nyumba ya mwanamume anayekaa peke yake haiwi safi hivyo. Nilipiga yowe, Priska akaniziba mdomo akasema tutazame nyayo.

Nyayo zilielekea bwawani. Tulimkuta saa 1:50, amekaa kwenye tope pembeni ya maji, viatu amevipanga nyuma yake. Hakushtuka kutuona. Priska alisimama mbali kidogo. Mimi nikakaa kwenye tope na gauni langu, nikashika upindo wa shati lake. Nikasema, "Yoramu, unataka kufa?" Akajibu, "Ndiyo, mama."

Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu mvua. Nikamwambia, "Nisamehe. Nimevinadi vitu vyako huku nacheka." Halafu akasema, "Mimi nilidhani mmejua. Nilidhani mmeona nagawa, mkakubali."

Naomba sentensi hiyo iandikwe kama ilivyo. Alidhani tumekubali. Kanisa zima, na mimi ndiye niliyekuwa naita mara ya kwanza, mara ya pili.

Nilimwambia hatujakubali, na hatutakubali hata kidogo, na kama anataka nitakwenda kuchukua mkasi kwa Daudi hata kwa meno. Hapo alilia. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Sikumhubiria. Priska alinikataza kwa macho kila nilipofungua mdomo vibaya. Mwishoni Yoramu mwenyewe alisema atakwenda kwa daktari, ila asiende peke yake. Priska akapiga magoti, akatoa kalamu, akaandika barua ya rufaa palepale. Mimi nikamvalisha viatu.

Saa 4:30 asubuhi tulikuwa njiani tukienda kutafuta gari. Mzee Nikodemo alitokea mbele yetu na mgambo wawili. Yowe langu lilikuwa limefika kijijini. Alisema kujaribu kujiua ni kosa la jinai na yeye kama mwenyekiti lazima alifikishe polisi. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, huyu ni mgonjwa, yuko njiani kwenda hospitali." Akanijibu, "Penina, sheria si mnada." Nilimtukana, nakiri, na tusi hilo sitalirudia hapa. Yoramu hakubishana. Alitoa mikono mwenyewe wafunge. Nilipoona anavyoitoa kwa wepesi, niliogopa kuliko nilivyoogopa bwawani.

Tangu jana yuko humu kituoni, mahabusu, chumba kile cha mwisho, peke yake. Barua ya Priska ipo mezani kwako, afande, chini ya kikombe cha chai.

Leo nimefika hapa saa 1 asubuhi na uji wake. Nikaambiwa hatazamwi na mtu mpaka nitoe maelezo. Saa 2:00 nilimwita kupitia mlangoni, akaitika, "Naam, mama." Saa 2:40 nilimwita akaitika bila kusema mama. Tangu tuanze kuandika nimemwita mara mbili, nawe umenisikia, na hajaitika. Umesema amelala. Mtu ambaye hajalala tangu mvua, alale leo, juu ya saruji, asubuhi kweupe? Wewe una mama, afande. Unaandika mwandiko mzuri na unatazama ule mlango kila mstari. Na wewe unaogopa, nimekuona.

Umeniuliza kama nilimwona akitenda kitendo chochote cha kujidhuru. Nimemwona amekaa. Umeniuliza kama alikiri nia. Alikiri kwa jirani yake aliyemuuliza, ili asife. Kama neno lile "ndiyo, mama" litasomwa mahakamani kumfunga, basi hakuna mtu Hombolo atakayejibu tena akiulizwa, na mimi sitathubutu kumuuliza mtu tena. Andika hivyohivyo.

Nimemaliza. Yote niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, mazuri machache na mabaya mengi, na sina la kupunguza. Ila jina langu siliweki kwenye karatasi hii mpaka mlango ule ufunguliwe mbele ya macho yangu.

Sahihi ya shahidi: P. N. Chilewa (imewekwa saa 4:55 asubuhi)

UTHIBITISHO WA MWANDIKAJI

Mimi Koplo Ambokile nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akakubali kuwa ni yake, isipokuwa kwanza alikataa kusaini kwa sababu aliyoieleza. Saa 4:20 nilifungua mlango wa mahabusu, shahidi akiwa nyuma yangu. Mtuhumiwa alikuwa hai. Alikuwa amekaa sakafuni, amegeukia ukuta, macho wazi. Niliita jina lake mara tatu bila kujibiwa. Shati lake alikuwa amelivua. Nimelichukua na kulitoa chumbani kwa usalama wake. Shahidi aliingia bila ruhusa yangu, akakaa sakafuni, akamfunika kwa kitenge chake. Baada ya kama robo saa mtuhumiwa alisema, "Mama, kidogo tu ungechelewa."

Nimesoma barua ya rufaa ambayo nilipaswa kuisoma jana. Nimempigia mkuu wa kituo, ameruhusu gari. Saa 5:10 tumeondoka kwenda hospitali, mtuhumiwa amekaa kati ya shahidi na mimi, bila pingu. Jalada halijafungwa, sina mamlaka hayo. Nimeacha mlango wa chumba wazi.