Joho la Kapteni Matope

Mtaa wa Umoja,
Nairobi.
14 Julai 1996

Mpendwa shemeji Kiema,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa kijana wako Nzivo. Natumai wewe, Wavinya na watoto hamjambo huko Gaborone, na kwamba ile baridi uliyoniandikia imeanza kuwaonea huruma. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Magoti yangu yanalalamika kwa ajili ya mawingu ya Julai, lakini nikishatembea hadi kanisani yananyamaza. Nzivo amepata kazi Gikomba kwa fundi wa makabati, na jioni anarudi na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, kama marehemu babake zamani zile.

Sasa nikueleze kinachonikosesha raha. Nina wivu, shemeji. Nasema wazi kwa sababu uko mbali, na hata ukinicheka sitakuona.

Unamkumbuka Kapteni Matope? Yule shujaa wa televisheni aliyejaliwa nguvu za kuruka angani lakini hakujua kutua, hivyo kila Jumatano akaishia kwenye kamba ya nguo za mtu. Basi wamemrudisha. Baada ya miaka yote hii wametafuta waigizaji wapya, wakaanza upya, na gazeti likatangaza.

Niliposikia nilifurahi kupita kiasi. Wewe unajua nyumba yetu ilivyokuwa. Ploti nzima ilikuja kwetu kwa sababu televisheni ilikuwa moja, ile ya marehemu kaka yako Mativo yenye miguu minne na milango ya kufunga kwa ufunguo. Yeye alikuwa nje akizungusha mlingoti wa ariali, wewe dirishani ukimpigia kelele, “Hapo hapo, usiguse!” Watu walivua viatu mlangoni hadi pa kukanyaga pakakosekana. Niliwapa maji ya mtungi tu, na walishukuru. Nilikuwa mtu, shemeji. Hakuna mama aliyepita hapa bila kunisalimu.

Televisheni ile bado inafanya kazi ukiipiga ubavuni. Kwa hiyo Jumatano ya kwanza nikafua vitambaa vya makochi, nikapangusa kioo, nikachemsha chai. Chai, si maji. Nikakaa. Nzivo akaniambia nisiache mlango wazi, mbu wanaingia.

Hakuja mtu. Nilipochungulia nje niliona viatu vyote ninavyovijua vimejipanga mlangoni kwa Rispa.

Rispa humjui, alihamia mlango wa pili baada yako kuondoka. Ni mke wa Andati, karani wa reli, watu wa Magharibi. Bwanake amemnunulia televisheni ya rangi, kubwa, yenye kidude cha kubonyeza ukiwa umekaa. Ana kochi lisilotoa sauti. Ana mandazi. Na ubaya wake ni kwamba ni mtu mzuri, hata sababu ya kumchukia hanipi, inabidi nijitafutie mwenyewe. Nilitazama peke yangu, na kicheko cha kwake kikanijia kupitia ukutani.

Lakini kipindi kilipokwisha walitoka wakiwa wamenuna, nami nikatoka haraka na ndoo kana kwamba nateka maji. Mzee Ondiek wa nyumba ya mwisho alikuwa amekasirika kweli. Matope wetu alikuwa mfupi mwenye kitambi, na huyu mpya ni mrefu, kifua mbele. “Huyo si Matope,” akasema. “Huyo ni askari wa benki.”

Nalianya, utingo mmoja anayekaa kwa Ondiek, akaongeza, “Msee ako na mabega mob hivyo, akianguka kwa kamba ya nguo itakuwa funny aje? Kamba si itakatika tu?”

Kilichowaudhi zaidi ni joho. Matope mpya amevaa joho la kijani. Hapo nikaweka ndoo chini. Nani katika ploti hii asiyejua kuwa joho la Matope ni jekundu? Nilishona majoho mekundu ya watoto wote hapa kutokana na kitambaa changu cha meza. Nzivo aling'oka jino akiruka ukuta nalo. Nikawaambia wameharibu, wakaniambia nasema kweli, na wiki nzima nikawa mtu tena. Watu walinisimamisha dukani waniulize kuhusu Matope wa kale. Rispa mwenyewe akaja kunialika, akaniita mwenye kipindi.

Nikaenda Jumatano iliyofuata. Nilivaa lile gauni la harusi ya Wavinya, nikakaa kochi la mbele.

Nadhani malalamiko yalikuwa yametoka mitaa mingi, maana kabla ya kipindi walionyesha kipande cha zamani. Alikuwa yeye, Matope wetu, mfupi, kitambi, amening'inia kwenye kamba katikati ya mashuka. Nilitaka kulia kwa furaha. Halafu nikaona joho. Lilikuwa kijani, shemeji. Kijani cha sukuma wiki. Lilikuwa kijani tangu siku ya kwanza, ila kwetu sote lilikuwa la kijivu, kwa kuwa televisheni yetu haikuwa na rangi.

Nikakumbuka siku mtoto mmoja alipouliza rangi ya lile joho, na Mativo, bila kugeuza kichwa, akajibu, “Jekundu.” Ikawa basi. Hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu Mativo alikuwa hasemi ovyo.

Ondiek akaanza kucheka. “Kumbe Mativo alitupiga changa la macho miaka yote!” Wengine nao wakacheka, si kwa ubaya, lakini nilihisi wanamfukua kaka yako wamcheke. Nikatafuta viatu vyangu kwa macho.

Rispa akainuka. Nilidhani anakwenda kuleta chai. Akapiga magoti mbele ya televisheni yake, akazungusha kitu fulani pembeni, na rangi zikaanza kufifia. Mashuka yakapauka, nyuso zikapauka, joho likawa kijivu kama lilivyokuwa kwetu. Jacklyne, bintiye mdogo, akalalamika, “Mathe, umeharibu TV.”

“Sijaharibu. Haya, joho la Kapteni ni rangi gani?”

Mtoto akatazama. “Sijui. Haionekani.”

“Ni jekundu,” Rispa akasema. “Baba Nzivo alisema.”

Hakuna aliyebisha, hata Ondiek. Tukatazama hadi mwisho hivyo hivyo, bila rangi, kwenye televisheni ya rangi pekee katika ploti hii. Huyo mrefu akaanguka kwenye kamba, na nakubali, alianguka vizuri.

Rispa hakuwahi kumjua Mativo. Hata siku moja. Basi mbona wema ule umjie yeye, usinijie mimi mkewe? Televisheni ningemwachia, shemeji, na kochi, na mandazi yake. Lakini tangu Jumatano sijalala vizuri kwa kuuonea wivu ule moyo wake.

Nisalimie sana Wavinya, umwambie gauni bado linanienea. Wasalimie watoto, na Ndete akumbushwe kuniandikia. Mzee Ondiek anakusalimu, na hata Rispa, ingawa hakujui, amesema nisimsahau. Mungu awafunike nyote na awarudishe salama.

Na kama kipindi hiki kitafika huko kwenu, kitazame, lakini ukiniandikia usinitajie rangi.

Mimi shemeji yako, akupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Mbithe