Uzito wa Mbele

Shemeji,

Huku wazima. Mlango wako wa jikoni nimeutengeneza, haukwami tena.

Uliniuliza msibani kwa nini kaka alikaa juu ya boneti, nikakwambia alitaka upepo. Nilikudanganya. Nilipakia mifuko arobaini ya saruji kwenye pikapu inayobeba ishirini. Nyuma ikalala, mbele ikanyanyuka, usukani ukawa mwepesi mno. Nikamwambia, "Kaka, kaa mbele utupe uzito." Akacheka: "Leo kitambi changu kimepata kazi!" Kwenye mteremko breki hazikushika.

Pikapu imeshatengenezwa. Jana niliiendesha tupu, lakini usukani ulikuwa mzito, kama kuna mtu amekaa mbele. Nilisimamisha gari, shemeji, nikangoja ashuke.

Mimi,
mdogo wake