Goli la Mskoti

Jumapili, Glenwood

Na bado sijui kwa nini nilibeba laptop uwanjani.

Deo, jirani yangu Mkongo anayetengeneza simu, leo alicheza mechi yake ya mwisho katika timu ya kanisa lao. Goti limekataa. Aliniomba nikamwone, nikaenda. Lakini nilikaa pembeni nikihariri tasnifu yangu, sura ya yule Mskoti wa miaka mia moja iliyopita aliyecheza soka bila kulipwa hata senti. Nilikuwa nawalaumu waandishi wa enzi zake kwamba waliandika matokeo tu, na kati ya mabao yake yote wakaeleza moja pekee. Hapo hapo uwanja ukalipuka kwa kelele. Kuinua macho, Deo tayari anakumbatiwa.

"Mwalimu, uliona?"

"Niliona! Safi sana."

Laiti ningeishia hapo. Akampigia mke wake Bukavu, akanipa simu. "Mama Neema, mwalimu alikuwa pale. Atakuelezea."

Nikaeleza. Mguu wa kushoto, kutoka mbali, kona ya juu, kipa hakusogea. Goli la Mskoti, lile moja walilolieleza waandishi, neno kwa neno. Mama Neema akashangilia, akamshukuru Mungu.

Deo alisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu yake. "Ndiyo, ilikuwa vile," akamwambia mkewe.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Tulikuwa ndani ya gari tukirudi nyumbani, tumesimama kwenye robot, kama waitavyo huku taa za barabarani, nyekundu imewaka, aliposema polepole, akitazama mbele:

"Nilifunga na kichwa, mwalimu."